Saa ya mkononi: Namna ya kuitambua bandia kabla ya kutoa fedha

SAA ya mkononi ni miongoni mwa bidhaa chache ambazo watu wengi huzinunua kwa kutazama jina lililoandikwa juu yake kuliko kazi inayoifanya. Saa ya shilingi elfu chache na ile ya mamilioni zote humweleza mwenyewe kwamba muda umefika saa nne asubuhi. Kinachozitofautisha ni ufundi uliomo ndani, madini yaliyotumika na sifa ya kiwanda kilichozitengeneza, mambo ambayo mnunuzi hawezi kuyaona yote kwa macho akiwa amesimama kando ya barabara. Pengo hilo kati ya kinachoonekana na kisichoonekana ndilo shamba wanalolilima waghushi.

Ukubwa wa shamba hilo si wa kubeza. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) pamoja na Ofisi ya Milikibunifu ya Umoja wa Ulaya ilikadiria kuwa bidhaa bandia zilizovuka mipaka ya nchi mwaka 2019 zilikuwa na thamani ya dola za Marekani bilioni 464, sawa na asilimia 2.5 ya biashara yote ya dunia. Saa ni miongoni mwa bidhaa zinazokamatwa mara kwa mara na maofisa wa forodha, kwa kuwa ni ndogo, ni nyepesi kusafirisha na faida yake ni kubwa.

Kwa mnunuzi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa katikati ya jiji la Nairobi, takwimu hizo huonekana kuwa za mbali hadi siku saa aliyoinunua kwa akiba ya miezi kadhaa inaposimama, na fundi anapoifungua na kukuta ndani mashine ya plastiki. Hapo ndipo hugundua kwamba hana risiti, hamjui muuzaji na hana pa kulalamika. Hata hivyo, hasara ya namna hiyo inaweza kuepukwa na mtu asiye fundi, ilimradi ajue atazame nini, na atazame kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kanuni kuu ni moja. Hakuna alama hata moja ya saa halisi ambayo mghushi hawezi kuiiga. Kinachomshinda, hasa katika saa zinazouzwa mitaani, ni kuzifanya alama zote zikubaliane. Uso wa saa, mgongo wake, mashine iliyomo, karatasi zake, bei na maneno ya muuzaji ni mashahidi sita. Mnunuzi mwerevu hamwamini shahidi mmoja. Huwahoji wote na kulinganisha majibu.

Si kila saa ya bei nafuu ni bandia

Jambo la kwanza ni kutofautisha saa bandia na saa ya bei nafuu. Saa yenye jina lisilojulikana, hata kama umbo lake linafanana na la saa maarufu, si lazima iwe bandia. Ni saa ya kawaida iliyofuata mtindo uliopo. Saa huwa bandia inapobeba jina au nembo ya kiwanda ambacho hakikuitengeneza.

Saa bandia zenyewe zinaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni zile za kiwango cha chini, ambazo hutumia mashine ya betri ya bei ndogo na kuchapishwa jina kubwa usoni. Hizi ni rahisi kuzitambua. Kundi la pili ni zile ambazo wauzaji huziita "kopi namba moja" au majina mengine ya kuzisifu, zenye uzito wa kutosha na mashine inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono. Hizi huhitaji uangalifu mkubwa, na baadhi yake hazitambuliki bila kufunguliwa na fundi.

Kundi la tatu husahauliwa na wengi. Hizi ni saa zilizotumika ambazo zimeunganishwa kwa vipuri vya saa mbalimbali, au zilizopakwa rangi upya usoni, kisha zikauzwa kama kwamba zimetoka kiwandani hivyo. Saa kuukuu za Seiko 5 zilizopakwa nyuso mpya za rangi kali, nyingi zikitokea India, zimesambaa katika masoko ya intaneti duniani kote. Mashine iliyomo inaweza kuwa ya Seiko kweli, lakini saa kwa ujumla wake si ile inayodaiwa kuwa.

Bei na muuzaji ndio mashahidi wa kwanza

Kabla ya kuishika saa, mnunuzi anapaswa kujua bei yake ya kawaida. Kampuni nyingi huonyesha bei katika tovuti zao, na dakika tano za kutafuta kwenye simu zinatosha. Punguzo la asilimia 10 au 20 katika duka linalomaliza bidhaa ni jambo la kawaida. Saa ya Rolex ya chuma, ambayo dukani huuzwa kwa maelfu ya dola, ikitolewa kwa shilingi laki mbili, hakuna haja ya kutazama alama nyingine yoyote.

Pamoja na bei huja hadithi. Wauzaji wa bandia mara nyingi huwa na maelezo ya kwa nini saa ni rahisi: ilitoroshwa bila ushuru bandarini, ililetwa na baharia, mwenyewe ana mgonjwa hospitalini, au ni zawadi iliyotoka Dubai. Hadithi hizi zina kazi mbili. Zinaeleza bei ndogo, na wakati huo huo zinaeleza kwa nini hakuna karatasi. Aidha, huambatana na haraka, kwamba kuna mteja mwingine anakuja au muuzaji anasafiri jioni hiyo. Haraka humnyima mnunuzi nafasi ya kulinganisha. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Swali moja rahisi humpima muuzaji kuliko maswali kumi kuhusu saa yenyewe: je, yuko tayari kuandika katika risiti jina la saa, aina yake, namba yake, na kwamba ni halisi? Mfanyabiashara mwenye duka na leseni hana sababu ya kukataa. Anayekataa amekwisha kutoa jibu.

Uso wa saa unavyosomwa

Uso wa saa ndio sehemu inayotazamwa zaidi na, kwa sababu hiyo, ndiyo inayoigwa kwa bidii zaidi. Hata hivyo, makosa huonekana kwa kutumia kioo cha kukuzia au kamera ya simu iliyosogezwa karibu. Katika saa halisi ya bei kubwa, maandishi huwa na kingo kali, nafasi kati ya herufi huwa sawa, na alama za saa huwa zimekaa mahali pake bila gundi kuonekana. Katika bandia, herufi huvimba kwenye kona, wino huchuruzika na vumbi huonekana chini ya kioo.

Tahajia nayo husomwa herufi kwa herufi. Baadhi ya saa hubadilishiwa herufi moja tu ya jina maarufu ili jicho la haraka lisitambue. Nyingine zina jina sahihi usoni lakini maneno madogo ya mgongoni yamekosewa.

Yapo pia maneno ambayo wanunuzi huyapa uzito yasiostahili. Neno "Geneva" peke yake halithibitishi kwamba saa imetoka Uswisi. Maneno "Japan Movt" yana maana kwamba mashine ya ndani ndiyo ya Japani, si saa nzima. Kwa upande wa maneno "Swiss Made", sheria ya Uswisi iliyoanza kutumika Januari 1, 2017 inataka angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa ziwe zimetumika nchini humo, mashine iwe ya Uswisi, na saa iunganishwe na kukaguliwa huko. Lakini maneno hayo yanaweza kuchapishwa na yeyote mwenye wino, hivyo kuwepo kwake si uthibitisho. Kukosekana kwake katika saa mpya inayodaiwa kuwa ya Uswisi ndiko kunakopaswa kuzua maswali.

Hali kadhalika, mnunuzi anapaswa kujaribu kila kinachoonekana kufanya kazi. Saa nyingi bandia zina vijiduara vidogo usoni vinavyofanana na vya kupima muda wa mbio, lakini mishale yake imechorwa au haisogei kabisa. Vifungo vya pembeni havibonyei, au vikibonyezwa hakuna kinachotokea. Katika saa za Rado zinazojitia ufunguo, nembo ya nanga iliyo usoni hucheza saa inapoinamishwa. Bandia nyingi huwa na nanga iliyogandishwa au iliyochapishwa tu.

Mshale wa sekunde

Wapo wanaoamini kwamba saa ya thamani hutambulika kwa mshale wa sekunde unaoteleza badala ya kuruka. Imani hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote.

Saa ya betri hutumia kipande cha madini ya kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Mitetemo hiyo huhesabiwa na kugeuzwa kuwa hatua, kwa kawaida moja kwa kila sekunde. Saa ya majira, yaani isiyotumia betri, husukumwa na springi, na mshale wake hupiga hatua ndogo ndogo mara kadhaa kwa sekunde. Mashine inayopiga mara 28,800 kwa saa, kama zilivyo nyingi za Rolex za sasa, hupiga hatua nane kwa sekunde. Mashine ya Seiko namba 7S26, iliyotumika kwa miaka mingi katika Seiko 5, hupiga mara 21,600, yaani hatua sita kwa sekunde.

Kwa hiyo, saa inayodaiwa kuwa ya kujitia ufunguo ikiruka hatua moja kwa sekunde, mashahidi wawili wamekwisha kupingana na biashara inapaswa kukoma. Lakini kinyume chake hakishiki. Bandia za kundi la pili nazo hutumia mashine zinazopiga mara 28,800, na mshale wake huteleza vizuri tu. Vilevile, saa halisi za Tissot, Omega, Seiko na Citizen zinazotumia betri zipo nyingi, na mishale yake huruka. Mtu asimwite jirani yake tapeli kwa sababu ya mshale pekee.

Mgongo wa saa husema mengi

Wanunuzi wengi husahau kuigeuza saa. Mgongoni ndiko mghushi wa kiwango cha chini hufanya uzembe, kwa kuwa anajua macho ya mteja yako mbele.

Maneno ya kutafutwa kwanza ni "Stainless Steel Back". Maana yake ni kwamba mfuniko wa nyuma tu ndio wa chuma kisichoshika kutu. Mwili uliobaki kwa kawaida ni wa madini mengine ya bei ndogo yaliyopakwa rangi ya chuma au dhahabu. Maneno hayo si kosa katika saa ya bei nafuu inayouzwa kwa bei yake. Yakionekana katika saa inayodaiwa kuwa ya mamilioni, ni ushahidi dhidi ya muuzaji. Isitoshe, rangi hiyo hubanduka, na madini ya chini yakiwa na nikeli yanaweza kusababisha upele na muwasho kwa wenye ngozi inayoathirika nayo.

Kwa saa za Seiko, mgongo ni kama cheti cha kuzaliwa. Huwa na namba mbili. Ya kwanza huanza na aina ya mashine, kwa mfano 7S26, ikifuatiwa na namba ya umbo la saa. Namba hiyo ya mashine kwa kawaida huonekana pia usoni, kwa herufi ndogo mno, kwenye ukingo wa chini penye tarakimu 6. Zikitofautiana, uso au mfuniko umebadilishwa. Ya pili ni namba ya utambulisho, ambayo katika saa nyingi za Seiko tarakimu yake ya kwanza ni ya mwisho wa mwaka wa kutengenezwa, na inayofuata ni mwezi: 1 hadi 9 kwa Januari hadi Septemba, 0 kwa Oktoba, N kwa Novemba na D kwa Desemba. Namba inayoanza na 3N ina maana ya Novemba ya mwaka unaoishia na 3, ambao unaweza kuwa 2003, 2013 au 2023. Saa inayodaiwa kuwa mpya lakini yenye aina ya mashine iliyokwisha kuachwa inajipinga yenyewe.

Kwa saa za Casio, ambazo huvaliwa na wanafunzi, madereva na watumishi wengi kwa sababu ya bei na uimara wake, mgongoni huwa na namba ndani ya kisanduku kidogo. Hiyo ni namba ya mashine. Ikiandikwa katika tovuti ya Casio, hufungua kitabu cha maelekezo cha mashine hiyo. Mnunuzi anaweza kulinganisha papo hapo: kama kitabu kinasema saa ina taa, kengele na muda wa miji ya dunia, basi vyote vipatikane. Bandia nyingi za G-Shock huanguka katika mtihani huu, kwani namba imenakiliwa kutoka saa nyingine na vifungo havifanyi kinachoelezwa.

Saa ndogo ya Casio F-91W, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989 na ambayo ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana licha ya bei yake ndogo, ina mtihani wake maalumu. Kifungo cha kulia kikibonyezwa na kushikiliwa kwa sekunde tatu hivi, kioo hufuta muda na kuandika jina la Casio kwa herufi za kidijitali. Isiyofanya hivyo ni bandia. Inayofanya hivyo imefaulu mtihani mmoja tu, kwa sababu waghushi wengine nao wameujua. Namba yake ya kisandukuni kwa kawaida ni 593.

Rolex na jina lake

Hakuna jina la saa linalotajwa zaidi katika mazungumzo ya bandia kuliko Rolex, kampuni iliyoanzia London mwaka 1905 kwa juhudi za Hans Wilsdorf kabla ya kuhamia Geneva. Saa zake zina alama kadhaa ambazo mnunuzi anaweza kuzikagua.

Saa nyingi zenye dirisha la tarehe huwa na lenzi ndogo juu ya kioo inayoikuza tarehe mara mbili na nusu, kiasi cha kuonekana imejaza dirisha. Katika bandia nyingi tarehe hubaki ndogo au hukaa upande. Katika saa za aina ya Datejust za kisasa, tarehe hubadilika kwa mruko mmoja usiku wa manane, haijikongoji kwa saa nzima. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kioo kimewekwa taji dogo sana kwa mwanga wa leza penye tarakimu 6, ambalo halionekani kwa urahisi bila kioo cha kukuzia. Taji linaloonekana wazi kwa macho matupu linatia shaka.

Tangu kati ya miaka ya 2000, ukuta wa ndani unaozunguka uso umechongwa jina la kampuni kwa kurudiarudia, pamoja na namba ya utambulisho penye tarakimu 6. Katika saa za zamani namba hiyo ilichongwa ubavuni, mahali mkanda unapofichika. Namba katika saa na namba katika kadi ya dhamana lazima ziwe moja. Mchongo halisi huwa mwembamba na wenye kina, ilhali wa bandia mara nyingi huonekana kama umechomwa kwa tindikali na kuacha vitone.

Kuhusu mgongo, Rolex nyingi zina mfuniko mtupu usiopitisha macho. Migongo ya kioo ipo katika aina chache tu, zikiwamo baadhi zilizotoka tangu mwaka 2023. Kwa hiyo Submariner au Datejust yenye mgongo wa kioo unaoonyesha mashine ikizunguka ni urembo wa mghushi. Wanunuzi wengi hudanganyika hapa, kwa kuwa kuona mashine huwafanya waamini kwamba hakuna kilichofichwa.

Majaribio yanayopotosha

Yapo maonyesho ambayo wauzaji huyafanya mbele ya wateja, ambayo hayathibitishi chochote. La kwanza ni kukikwaruza kioo kwa sarafu au ufunguo. Kioo cha kawaida ni kigumu kuliko shaba ya ufunguo, hivyo kutokwaruzika si ajabu. Kioo cha yakuti samawi, kinachotumika katika saa za bei kubwa, kina ugumu wa daraja la 9 katika kipimo ambacho almasi ni 10, na sarafu haiwezi kukitofautisha na cha kawaida.

La pili ni kuitumbukiza saa katika glasi ya maji. Dakika moja katika glasi haina uhusiano na maandishi ya mita 100 au 200 yaliyo mgongoni. Hata katika saa halisi, maandishi ya mita 30 yana maana ya kuhimili matone ya mvua na kunawa mikono, si kuogelea.

La tatu ni uzito. Ni kweli kwamba bandia za plastiki huwa nyepesi, lakini kuna saa halisi za titani au kauri zilizo nyepesi, na kuna bandia zilizojazwa kipande cha chuma ili ziwe nzito. Uzito una maana pale tu unapolinganishwa na saa halisi ya aina ileile.

La nne ni la upande wa pili, yaani kuihukumu saa halisi kuwa bandia kwa kasoro ndogo. Saa halisi za bei ya kati, zikiwamo za Seiko, wakati mwingine hutoka kiwandani huku duara la dakika likiwa limepinda kidogo kuliko alama za saa. Kasoro moja ni sababu ya kutazama zaidi. Haijawa hukumu.

Dhahabu, sanduku na kadi

Saa inayodaiwa kuwa ya dhahabu huhitaji tahadhari ya ziada. Dhahabu ya karati 18 ina asilimia 75 ya dhahabu safi, na huchongwa namba 750. Tangu mwaka 1995, alama rasmi ya Uswisi kwa saa za madini ya thamani ni kichwa cha mbwa wa aina ya Saint Bernard. Saa iliyopakwa dhahabu juu haipaswi kuwa na alama hizo. Sonara anaweza kuipima saa bila kuiharibu, na gharama ya kumlipa ni ndogo kuliko ya kukosea.

Sanduku zuri na kadi ya dhamana vimewapofusha wengi. Vyote huuzwa peke yake, vingine vikiwa halisi na vingine bandia. Kadi ina thamani iwapo namba yake inalingana na ya saa, imejazwa tarehe, na imetaja duka ambalo mnunuzi anaweza kulithibitisha kwa kupiga simu au kuandika barua pepe. Kadi tupu isiyojazwa ni kipande cha plastiki tu.

Kwa saa iliyotumika na yenye bei kubwa, njia ya uhakika ni kwenda na muuzaji kwa fundi saa ambaye mnunuzi amemchagua mwenyewe, si aliyependekezwa na muuzaji. Fundi huufungua mfuniko na kusoma jina na namba ya mashine. Kazi hiyo huchukua dakika chache, lakini lazima ifanyike kabla ya malipo.

Kwa ununuzi wa kupitia simu na mitandao ya kijamii, picha nzuri si ushahidi, kwa sababu huweza kuchukuliwa kutoka tovuti yoyote. Mnunuzi anaweza kuomba picha ya saa hiyo ikiwa kando ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono tarehe ya siku hiyo, pamoja na picha ya mgongo na namba yake. Fedha ikishatumwa kwa simu na kutolewa, kuirudisha ni vigumu. Kwa hiyo malipo yafanyike saa ikiwa mkononi.

Sheria inasemaje

Nchini Tanzania, Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 na kanuni zake. Nchini Kenya, Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 iliunda chombo maalumu cha kazi hiyo. Chini yake, anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya thamani ya bidhaa, au adhabu zote mbili.

Wasafiri nao wana la kujifunza. Katika baadhi ya nchi za Ulaya, mnunuzi mwenyewe huweza kuadhibiwa. Italia humtoza faini inayoweza kufikia euro 7,000 mtu anayenunua bidhaa bandia, na nchini Ufaransa kukutwa na bidhaa hiyo kunaweza kuleta faini ya hadi euro 300,000 na kifungo cha miaka mitatu.

Aliyekwisha kuuziwa bandia anashauriwa kutoiuza kwa mtu mwingine ili kufidia hasara, kwani kwa kufanya hivyo yeye mwenyewe huwa muuzaji wa bidhaa bandia mbele ya sheria. Anachopaswa kufanya ni kuihifadhi saa kama ilivyo, pamoja na risiti, ujumbe wa simu na kumbukumbu za malipo, kisha kutoa taarifa kwa mamlaka husika au polisi. Bila kumbukumbu hizo, malalamiko huwa neno la mtu mmoja dhidi ya mwingine.

Kwa ufupi, mnunuzi afanye mambo matano kwa utaratibu huu: aijue bei ya kawaida, asome uso kwa kioo cha kukuzia, aigeuze saa na kulinganisha namba, ajaribu kila kifungo, kisha adai risiti yenye namba ya saa. Shahidi mmoja akipinga wengine, aiache saa mezani. Saa ya bei nafuu yenye jina lake lenyewe, iliyonunuliwa dukani kwa risiti, ni bora kuliko jina kubwa la kuazima litakalosimama kabla mwaka haujaisha.